Igombe au Gombe: ukaone wapi ndege mwanzo wa mvua?

Kati ya Igombe na Gombe kuna herufi moja tu, lakini kwa treni ni usiku mzima. Mwaka jana binamu yangu wa Dar es Salaam alinipigia simu akitaka kujua kama sokwe wa Igombe wanaonekana kirahisi mwezi wa kumi. Nikacheka mpaka akanuna. Igombe ni bwawa, kaskazini ya mji wa Tabora, ndilo lililounywesha mji ule miaka mingi kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika. Anayekutazama pale kwa makini ni koikoi aliyesimama kwa mguu mmoja. Gombe ndiyo hifadhi ya taifa, ukanda mwembamba wa milima na misitu juu ya Ziwa Tanganyika, kilomita kama 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, na barabara ya kufika huko hakuna. Ni boti tu.

Nilipomaliza kucheka nikaona swali lenyewe lina uzito. Binamu alikuwa na siku nne za likizo, nauli ya kwenda sehemu moja, na darubini aliyoiuziwa na mtu anayehama nyumba. Alitaka kuona ndege na wanyama wakati nchi inaanza kuchipua. Ashuke Tabora, au aendelee mpaka reli inapoishia? Mimi nimekulia Tabora na sasa ni mwaka wa tisa nafanya kazi Kigoma, kwa hiyo upendeleo ninao wa pande zote mbili. Jibu nililompa halikuwa la mahali. Lilikuwa la tarehe.

Wiki kwanza, mahali baadaye

Huku magharibi hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, mrefu: huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, ukaisha Aprili au Mei. Kabla ya hapo ni vumbi, moshi wa nyika, na watu kutazama mawingu ya mashariki.

Ila kuchipua hakusubiri mvua. Kuanzia Septemba, ardhi ingali kavu kama kigae na moto umeshapita, miombo hutoa majani mapya. Hayatoki ya kijani. Hutoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine kama ini bichi, na kwa wiki chache msitu wote kati ya Tabora na Urambo huonekana unaungua bila moshi. Mtundu, myombo, muba, kila mti na wekundu wake. Mizizi yake huenda chini sana, na mti hutumia maji uliyoyaweka akiba tangu msimu uliopita. Mgeni wa Ulaya akiziona rangi hizo hudhani majani yanakaribia kupukutika, kumbe ndiyo kwanza yanazaliwa. Mninga nao hutoa maua ya njano kabla haujajivika majani vizuri. Viwavi hufuata majani mororo, ndege hufuata viwavi, na kuanzia hapo asubuhi za kimya zimekwisha.

Katika wiki hizohizo wageni wanaingia. Mbayuwayu, ambaye uzito wake ni gramu 20 hivi, anawasili kutoka Ulaya na Asia bila kelele. Siku moja unaona waya wa umeme wa stesheni una vichwa vingi kuliko jana. Keremkerem wa Ulaya hupita juu kwa makundi na utawasikia kabla hujawaona. Korongo mweupe huchelewa kidogo. Huyu hapigi mabawa sana, hupanda juu ya hewa moto kisha akateleza, na kwa kuwa bahari haitoi hewa moto ya kumwinua, huizunguka: hupita Uturuki, Sinai na bonde la Nile mpaka kwetu. Zamani Wazungu hawakujua korongo wao wanakwenda wapi baridi ikiingia. Wapo waliodhani wanalala chini ya matope. Mwaka 1822 korongo mmoja alionekana kijiji cha Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni, na bado anaruka. Mkuki ule ulimaliza ubishi mwingi. Wakampiga risasi, wakamkausha, na mpaka leo yumo katika mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Rostock. Nani alirusha mkuki haikujulikana, ila mimi kila nikimwona korongo mweupe kwenye shamba la tumbaku hufikiri yule mwindaji alirudi nyumbani akiapa kwamba alimpata, na hakuna aliyemwamini.

Mgeni mwingine hatoki mbali hivyo. Korongo tumbo-jeupe huzaliana Sahel wakati mvua iko huko, kisha huvuka ikweta kuifuata ya kwetu. Hakimbii baridi. Anafuata panzi na viwavijeshi, ndiyo maana wakulima hawamfukuzi.

Basi mtu akiniuliza aende wapi, namuuliza anakuja wiki gani. Kabla ya mvua ya kwanza namwambia ashuke Tabora. Ikishanyesha mara mbili tatu, mizani inaegemea Kigoma. Sababu ni mbili, maji na mchwa.

Igombe, maji yakiwa chini

Mwezi wa kumi bwawa linakuwa limerudi nyuma. Palipokuwa na maji Mei pana tope lililopasuka, kisha tope bichi, kisha maji ya magoti, na samaki waliobanwa mumo. Nchi yote ya karibu imekauka, kwa hiyo kila chenye mabawa na kiu kinakuja hapa. Hiyo ndiyo siri nzima ya Igombe, na haidumu. Mvua mbili kubwa zikishapiga, kila dimbwi kando ya barabara linakuwa bwawa dogo na ndege wanatawanyika. Nimewahi kumpeleka mtu Igombe mwezi Januari. Maji yalikuwa mengi na mazuri, ndege wa kuhesabu kwa vidole.

Kufika ni bodaboda kutoka mjini. Patana bei ya kwenda na kurudi, na umwambie kijana akusubiri, maana kule hupati mwingine kirahisi. Toka saa kumi na moja na nusu ili jua likute umeshakaa. Ukifika jitambulishe kwa unaowakuta. Chanzo cha maji si bustani ya kila mpita njia, na mtu mwenye darubini asiyesalimia hutiliwa shaka kwa haki kabisa. "Mwangaluka" moja inafungua njia kuliko kitambulisho.

Kisha kaa. Hili ndilo linalowashinda wengi. Wanatembea ukingoni kama wakaguzi, ndege wanaruka mbele yao, wanarudi wakisema hakuna kitu. Chagua kivuli, keti, na katika dakika 20 za mwanzo usiinue darubini. Yangeyange watarudi kwanza, kwa kuwa hawana wasiwasi. Kisha kwarara, akichoma tope kwa mdomo uliopinda. Domomwiko huja akifagia maji kushoto na kulia kama anayekoroga uji. Mnandi amekaa juu ya kisiki, mabawa ameyaanika. Mdiria mweusi na mweupe anasimama hewani palepale, anashuka kama jiwe. Pale kwenye mayungiyungi yuko sile-maua, mwenye vidole virefu vya kumwezesha kutembea juu ya jani bila kuzama. Kwa hao dume ndiye anayeatamia mayai na kulea, na akiona hatari huwabana vifaranga chini ya mabawa na kuondoka nao, miguu yao ikining'inia. Ukiiona miguu mingi chini ya ndege mmoja, usipanguse darubini.

Mara ya mwisho nilikaa karibu na mzee aliyekuwa akivua kwa ndoana. Nilimwamkia, tukanyamaza pamoja kwa muda mrefu, kisha akasema, "Korongo wamepungua mwaka huu."

Nikamuuliza, "Korongo gani, mzee wangu?"

"Wewe unataka gani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kiswahili kimetupa neno hilo moja kwa vitu vitatu: ndege mwenye miguu mirefu, swala mkubwa wa miombo mwenye pembe zilizopinda nyuma, na bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Tabora ina vyote vitatu. Mtu akikwambia ameona korongo njiani, muulize zaidi kabla hujawasha pikipiki.

Usirudi mjini kabla hujaingia kwenye miti inayolizunguka bwawa, angalau saa moja. Miombo mwezi wa kumi ina faida ambayo msitu wa Gombe hauna: unaona mpaka ndani. Majani bado machache, jua linapenya, ndege yuko juu ya tawi tupu na unamwona mzima. Ndege wa miombo wana tabia ya kutembea kwa msafara, jamii nyingi pamoja, mmoja akichokoa gome, mwingine majani, mwingine akidaka kilichokurupushwa. Kwa nusu saa hakuna kitu kabisa, kisha ghafla mti mmoja una ndege wa aina kumi. Msafara ukipita usikimbie kuufuata. Tembea sambamba nao.

Na kuna mlembe, ndege wa asali. Kwa rangi hana lolote, ni kijivu na kahawia, ungempita ukidhani ni shomoro aliyekula vizuri. Lakini huyu humwita mtu. Hulia mfululizo kama anayetikisa kiberiti, huruka mti mmoja mbele, hugeuka kuona kama unakuja. Anajua mzinga ulipo, hana nguvu ya kuupasua. Wewe una shoka na moshi. Asali yako, nta yake, maana tumbo lake linaweza kuisaga nta, jambo ambalo ndege wachache sana wanaliweza. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi, naye hujibu. Warina asali wa Tabora wa zamani walikuwa na namna zao, na wazee husema ukimnyima nta siku nyingine atakupeleka kwa nyoka. Kama siyo kweli, ni namna nzuri ya kumfundisha mtoto kulipa deni. Siku hizi wafugaji wengi wanatundika mizinga yao wenyewe na hawamhitaji, lakini yeye hajaacha kuita. Ukimsikia, mfuate hatua mia mbili tu ili uone kazi yake, kisha rudi. Nyuki wa Tabora hawajui kwamba umekuja kutazama ndege.

Siku ya kumbikumbi

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha mchana, jioni yake au kesho yake vichuguu vinafunguka. Kumbikumbi wanatoka kama moshi, maelfu, mabawa yao yakimeta, na kila mwenye mdomo anakuja mezani. Mbayuwayu huwadaka juu, keremkerem kidogo chini yao, kambu huruka kutoka kwenye waya na kurudi, hondohondo hutembea ardhini na kuokota mmojammoja kwa adabu, kunguru bila adabu. Mwishoni mwa Novemba na Desemba huweza kupita kozi wa Amur, ndege mdogo wa kuwinda anayezaliana Siberia na kaskazini ya China na kuvuka Bahari ya Hindi kuja Afrika. Huyu naye hula kumbikumbi akiwa hewani, akiwashika kwa kucha na kuwapeleka mdomoni bila kutua. Watoto wako chini na beseni. Paka yuko kimya pembeni. Nikiwa mdogo tulikaanga bila mafuta, chumvi kidogo, na mpaka leo sijaona karanga inayoshinda.

Siku hiyo huhitaji hifadhi. Simama popote penye kichuguu, Tabora au Kigoma, hata nyuma ya stesheni. Ndiyo siku bora ya mwaka na haina kiingilio, ila haina ratiba pia, huwezi kuikatia tiketi.

Kumbikumbi wana ndugu zao waliobaki ndani, mchwa, na hao ndio wanaoipa Gombe Novemba yake.

Gombe, mchwa wakiwa karibu na mlango

Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, sokwe walimkimbia. Novemba ya mwaka huohuo, mvua zikianza, alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard ameketi kando ya kichuguu akichomeka jani la nyasi kwenye tundu, akilivuta taratibu likiwa na mchwa waliong'ata, akiwala. Mpaka siku hiyo wasomi walikuwa wakisema kutengeneza na kutumia zana ni sifa ya binadamu peke yake. Watu wengi wanakijua kisa hiki, lakini wachache huuliza kwa nini ilikuwa Novemba. Ni kwa sababu msimu huo mchwa huchimba njia mpaka karibu kabisa na uso wa kichuguu, tayari kuwatoa kumbikumbi, na kuziziba kwa utando mwembamba wa udongo. Sokwe hukwaruza utando ule kwa kidole, mlango uko wazi. Kiangazi kikiwa kikali mchwa wako chini sana na kazi hiyo hailipi.

Kwa hiyo anayetaka Gombe kwa ajili ya mwanzo wa mvua ana sababu halisi ya kuchagua Novemba. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utamwona sokwe akivua mchwa, ila ndicho kipindi chake.

Kwa ndege, Gombe inadai masikio. Msitu wa mabondeni ni mzito, majani yako juu mita nyingi, na unachokiona ni mikia. Kwa siku nzima unaweza kusikia ndege 40 na kuona 12 vizuri. Mtu mwenye haraka atachukia. Mimi nilichukia mara ya kwanza. Mwenyeji wangu ofisini, ambaye ni Muha wa pale Mwamgongo, alinicheka: "Kaka, umekuja kusikiliza au kuhesabu?" Mara ya pili nilifumba macho kwanza, nikajifunza sauti tano tu, na msitu ukawa na watu.

Sauti ya kujifunza kwanza ni ya kulukulu, mlio mzito unaoanzia kooni na kuangukia bondeni. Ukimpata kwa macho, aina ya magharibi hii ni ya zambarau iliyokolea na mdomo wa njano, na unaweza kumtazama dakika kumi usijue kuna nini cha ajabu mpaka aruke. Ndani ya mabawa ni mwekundu kama damu. Wekundu ule unatokana na rangi yenye shaba ndani yake, ambayo haipatikani kwa ndege wengine nje ya ukoo huu. Nadhani ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona Kigoma, na nimeyaona machweo ya ziwa kwa miaka tisa.

Ufukweni mambo ni rahisi. Furukombe yuko juu ya mti akilia kichwa amekirudisha nyuma. Mdiria hukosa samaki na kujaribu tena. Na ukiona ndege mkubwa mweupe mwenye mabawa meusi na uso mwekundu karibu na michikichi, tulia. Huyo ni wa ukoo wa tumbusi, lakini chakula anachokipenda ni tunda la mchikichi. Kigoma ndiyo nchi ya mawese, naye amechagua kuishi kama wenyeji. Huongezea na kaa, samaki, na chochote kilichotupwa na mawimbi.

Sasa shida zake. Boti za abiria hutoka mwalo wa Kibirizi, pale Kigoma, mchana, zinachukua saa kadhaa, na zinaondoka zikijaa. Mara moja nilikaa juu ya magunia ya muhogo kwa saa mbili na nusu bandarini, nikaambiwa "tunaondoka sasa hivi" mara sita, na mvua ilitukuta katikati. Darubini ilipona kwa sababu mama aliyekaa karibu nami aliifunika kwa beseni lake la dagaa. "Mwanangu, kitu cha kioo unakibeba mkononi?" Ilinuka wiki mbili. Boti ya kukodi au ya hifadhi ni ya haraka, na bei yake inaeleweka ikigawanywa na watu wanne au watano. Kwa kuwa boti ya abiria haikupi kwenda na kurudi siku moja, hesabu na malazi.

Msituni huingii bila mwongozaji. Mbele ya sokwe kuna umbali wa kuweka na muda usiozidi saa moja, na mwenye mafua abaki, kwa kuwa magonjwa yetu ya kifua huwaua. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata. Njia ni za mlima mkali, na baada ya mvua ni utelezi wa kukufanya ushike miti usiyoijua. Nyani wa ufukweni ni wezi wenye uzoefu: chakula kiwe ndani ya mlango uliofungwa, ndizi usiibebe hata mfukoni.

Yanayoamua bila kelele

Mwanga. Jua la Kigoma huchomoza karibu robo saa baada ya la Tabora, na Gombe milima iko mashariki, kwa hiyo ufukwe hubaki kivulini asubuhi kwa muda. Usijitese kuamka gizani. Tazama ziwa asubuhi, jua liko mgongoni mwako. Alasiri geuka utazame msitu. Igombe ni kinyume, saa mbili za kwanza ndizo zote. Kufikia saa nne joto linapanda juu ya tope, hewa inatetemeka, na kila ndege wa mbali anaonekana kama anacheka.

Gharama sitaziweka, zinabadilika. Itoshe kwamba Igombe inakugharimu bodaboda, maji ya kunywa na chapati, na Gombe inakugharimu boti, kiingilio, mwongozaji na kitanda. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni, kwa hiyo usiogope lango, ogopa boti.

Wenye watoto, Tabora. Sina maelezo zaidi.

Darubini: binamu alikuwa na ya 12x50, akijisifu. Kukuza mara kumi na mbili ni mno kwa mkono usio na mhimili. Kila mpigo wa moyo unaonekana, na msituni utamtafuta ndege mpaka aondoke. 8x42 inatosha bwawani na msituni. Nilimshauri aiache nyumbani aazime yangu. Hakukubali.

Kama vyote viwili havikufai

Aliyeko Kigoma bila bajeti ya boti aende delta ya mto Luiche, kusini ya Ujiji, kwenye mashamba ya mpunga. Yangeyange na kwarara ni wengi, na hakuna lango. Omba ruhusa kwa wenye mashamba na ueleze mapema kwamba unatazama ndege, maana mtu mwenye darubini shambani hudhaniwa ni mpima ardhi, na habari hiyo hufika kijijini kabla yako. Wapo ndege ambao wenye mashamba huwafukuza kwa manati, kwa hiyo usishangilie kweleakwelea mbele yao.

Ugalla, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, inataka gari, siku tatu au zaidi, na kiangazi. Mvua ikikolea barabara zinafunga mjadala. Huko ndiko utakakomwona korongo mwenye pembe, na palahala, na viboko waliobanana kwenye mabwawa ya mto. Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o huzifuata rangi hizo. Nilivaa fulana ya bluu ya bonanza la kazini, wenzangu wakakaa mbali nami kwa faida yao.

Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, ina zaidi ya hekta milioni tatu, imekaa katikati ya mikoa yetu miwili, na ndimo anamoishi korongo nyangumi mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, anayesimama bila kutikisika akimngoja kamongo. Ndoto ya kila mtazama ndege. Kwa likizo ya siku nne, iache iwe ndoto; huko ni kwa mtumbwi, wenyeji wanaojua njia za maji, na wiki mbili.

Binamu alikuja wiki ya pili ya Oktoba, mvua haijadondosha hata tone, majani ya mtundu yakiwa mekundu kabisa. Nilimwambia ashuke Tabora na alishuka, ingawa kwa kunung'unika, maana alikuwa ameshawaahidi watoto picha ya sokwe. Siku ya pili, saa mbili asubuhi, simu ikalia. Alikuwa ananong'ona.

"Nimeona korongo!"

"Mwenye mabawa, mwenye pembe, au umetumbukia?"

Akakata simu.